UZI: Gari lisilo na dereva linajuaje lilipo? Vumbi la saruji, chumvi ya bahari na mitambo inayokuja Tanga

Fundi_Chumbageni

Wakuu, heshima kwenu.

Tangu gati zetu zichimbwe kutoka kina cha mita 3 hadi mita 13, na meli zikaanza kufunga gatini badala ya kushusha mzigo kwenye matishari kule nangani, habari za mitambo mipya ndiyo mazungumzo ya mji. Sasa limeingia hili la magari yanayojiendesha: tela za makontena, foklifti za magunia, malori ya machimbo. Nafanya kazi za umeme na mitambo ya kudhibiti viwandani hapa Tanga, na video za wauzaji nimezitazama. Zote zimepigwa kwenye ghala lenye sakafu inayong'aa na taa nyeupe. Mazingira hayo sisi hatuna. Tuna saruji na chokaa njia ya Pongwe, upepo wa kusi unaotupa chumvi hadi ndani ya paneli za umeme, na masika inayogeuza barabara ya machimbo kuwa uji mweupe.

Ndiyo maana nasema swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe bei wala betri. Muulize: gari lako linajuaje lilipo, na kile linachokitegemea kikizibwa, linafanya nini? Akishindwa kujibu hilo vizuri, mengine yote ni mapambo.

Teknolojia yenyewe si ya jana. Kampuni ya Barrett huko Illinois, Marekani, ilitengeneza trekta la kuvuta mizigo ghalani lisilo na dereva mwanzoni mwa miaka ya 1950, nalo lilifuata waya. Baadaye waya ukazikwa sakafuni: unakata mfereji mwembamba kwa msumeno wa zege, unalaza waya, unapitisha mkondo mdogo wa umeme unaobadilika maelfu ya mara kwa sekunde. Chini ya gari kuna koili mbili, yaani nyaya zilizoviringwa zinazonasa uga wa sumaku wa ule waya, moja kila upande wake. Koili ya kushoto ikipokea nguvu zaidi, gari limekwenda kulia, linarekebisha. Rahisi, imara, na vumbi haliligusi kabisa.

Shida zake mbili zinajulikana na fundi yeyote. Waya ukikatika mahali pamoja, mzunguko wote umekufa. Na nondo za zege zikiwa karibu na uso wa sakafu, zinapotosha uga wa sumaku na gari linayumba. Halafu ukitaka kubadilisha njia, unarudi na msumeno.

Naomba michango, hasa ya waliokaa na mitambo hii kwa karibu.

Mwana_Makorora

Uzi mzuri mkuu, nimetia nanga hapa. Lakini kwa nini tuhangaike na waya miaka hii? GPS ipo. Simu yangu inanionyesha hata nikiwa katikati ya barabara za Ngamiani. Si waweke GPS tu mambo yaishe?

Fundi_Chumbageni

Swali la msingi mkuu, ngoja nilijibu kwa kirefu maana hapo ndipo wengi wanapouziwa.

Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 hivi juu yetu, na mawimbi yake yanafika chini yakiwa hafifu mno. Simu ikikosea mita 3 au 5 hutambui, kwa sababu barabara ya Ngamiani ni pana kuliko kosa lenyewe. Tela la kontena likikosea mita 3 chini ya winchi, kontena halina pa kutua.

Kuna njia ya kupunguza kosa, inaitwa RTK. Unasimamisha kituo mahali palipopimwa kwa usahihi, kinaona mawimbi yanakosea kiasi gani sekunde hiyo, kinarusha masahihisho kwa redio hadi kwenye gari. Hapo unafika sentimita 2 au 3. Malori makubwa ya migodini yanatumia hiyo. Komatsu waliyaanzisha kibiashara mwaka 2008 katika mgodi wa shaba wa Gabriela Mistral, Chile, na mwaka huohuo Rio Tinto wakaanza nayo Pilbara, Australia. Ila tazama mahali penyewe: machimbo ya wazi, jangwa, mbingu yote inaonekana. Kwa machimbo yetu ya chokaa ningeikubali bila ubishi mkubwa.

Bandarini ni habari nyingine. Gari likiingia kati ya safu za makontena, au chini ya miguu ya winchi, nusu ya setilaiti hazionekani. Zinazobaki, mawimbi yake yanagonga bati la kontena na kurudi kwa njia ya mzunguko, na antena haijui kwamba safari imerefushwa. RTK inapoteza mshiko, na kosa linatoka sentimita 2 hadi nusu mita huku gari bado lina imani na hesabu yake. Hilo la gari kuwa na imani ndilo la hatari.

Kuna jambo jingine ambalo muuzaji wa Ulaya hatakutajia kwa sababu kwao ni dogo. Sisi tuko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Katika ukanda huu, jua likishazama, tabaka la juu la anga liitwalo ayonosfea linachafuka. Yanatokea mapovu yenye elektroni chache, na mawimbi ya setilaiti yakipita humo yanatetemeka, mengine yanakatika. Hali huwa kali zaidi karibu na miezi ya Machi na Septemba, na huzidi miaka ambayo jua limefika kilele cha shughuli zake, mfano 2024. Muda wenyewe ni kati ya saa 1 na saa 6 usiku, wakati zamu ya usiku iko kazini.

Kwa hiyo GPS iwepo, lakini isiachiwe gari peke yake.

Mama_Mizani

Nashukuru kwa huu uzi. Mimi niko upande wa mizani na ubora, si fundi, ila niliwahi kufanya kazi kwenye kiwanda kimoja (si cha hapa Tanga, nisikitaje) walikoleta foklifti za leza sehemu ya kupakia mifuko. Leza inazunguka juu ya mlingoti, na kwenye nguzo kumebandikwa vioo vya kurudisha mwanga ili foklifti ijue ilipo. Wiki ya kwanza zilifanya kazi vizuri, sote tulifurahi.

Baadaye zikaanza kusimama. Mfuko ukipasuka tu, wingu la saruji likipanda, foklifti inaganda palepale na taa nyekundu. Kijana mmoja akapewa kazi ya kupanda ngazi kufuta vioo kila zamu. Tatizo saruji pamoja na unyevu inaganda, ile si vumbi la kawaida. Akawa anafuta kwa kitambaa kikavu, vioo vikachubuka, vikawa havirudishi mwanga hata vikiwa safi. Mwisho zikawekwa kando, wakarudi madereva. Mpaka leo naamini mashine hazikuwa mbovu. Ziliwekwa mahali ambapo hazikutengenezewa.

Fundi_Chumbageni

Mama, umeeleza kitu ambacho vitabu vya mitambo vinakipitia juu juu. Asante sana.

Naomba nieleze kwa nini leza inashindwa pale, kwa sababu ukijua sababu utajua na dawa. Chembe za saruji zina ukubwa wa makumi ya mikroni, na mikroni 1,000 ndiyo milimita 1. Mwanga wa leza nyingi za kupimia una wimbi la nanomita 905, yaani hata mikroni 1 haufiki. Chembe ni kubwa kuliko wimbi mara nyingi, hivyo mwanga ukigonga wingu unatawanyika. Mwingine unarudi kwenye sensa (kihisio cha leza), na sensa inatoa taarifa kwamba mbele kuna ukuta. Haidanganyi, imeona kitu kweli.

Sasa linganisha na rada, ambayo inatumia mawimbi ya redio badala ya mwanga. Rada ya gigahezi 77 ina wimbi la karibu milimita 4. Chembe ya saruji ni ndogo kuliko wimbi hilo mara mia hivi, kwa hiyo wimbi linapita. Ukungu na moshi pia linapita, na mvua ya masika inalipunguza nguvu bila kulipofusha. Ndiyo sababu mwaka 2005, bandari ya Brisbane, Australia, kampuni ya Patrick ilipoanza kutumia mashine za kubeba makontena zisizo na dereva, zilielekezwa kwa rada ya mawimbi ya milimita pamoja na GPS. Utafiti ulitoka Chuo Kikuu cha Sydney, kwa Hugh Durrant-Whyte na wenzake. Walichagua rada kwa sababu bandari ni mahali pa mvua, chumvi na giza.

Rada nayo ina lake. Picha yake si kali kama ya leza, na kwenye bati nyingi inaona vivuli vya vitu visivyokuwepo, kwa sababu wimbi linaruka kutoka kontena hadi kontena kabla ya kurudi.

Na kuhusu kufuta: lenzi yenye saruji haifutwi kwa kitambaa kikavu kamwe. Inapulizwa kwanza kwa hewa ya kompresa, na hewa yenyewe iwe imekaushwa, maana kompresa ya pwani bila kikaushio inatema maji, na maji juu ya saruji ndiyo plasta. Mitambo iliyofikiriwa vizuri inakuja na mkondo wa hewa unaopuliza mbele ya lenzi muda wote. Usipouona kwenye mchoro, uliza.

Dereva_wa_Machimbo

Nimesoma yote. Mimi nipo kwenye lori la tani nyingi, chokaa. Swali langu: mimi nikiwa ndani ya vumbi la lori la mbele sioni kitu, lakini najua nimetembea kiasi gani na kona iko wapi, nakwenda kwa mazoea. Mashine haiwezi kuhesabu mzunguko wa tairi tu?

Fundi_Chumbageni

Inaweza, mjomba, na zote zinafanya hivyo. Ni ujuzi wa nahodha wa jahazi kutoka hapa kwenda Pemba usiku: anajua mwendo, anajua mwelekeo, anajua muda, basi anajua alipo. Enkoda kwenye gurudumu inahesabu mizunguko, na jairo inapima gari limegeuka kiasi gani. Havitegemei mwanga wala anga.

Ila kosa linajilimbikiza. Chukua tairi yenye kipenyo cha mita 1. Ikilika hadi sentimita 98, kompyuta isiporekebishwa itadhani gari limekwenda mita 100 wakati limekwenda 98. Ongeza mzigo unaobonyeza tairi, ongeza tope ambapo gurudumu linazunguka bila gari kusogea. Mwelekeo ni mbaya zaidi: jairo ikikosea nyuzi 1 tu, baada ya mita 50 gari liko pembeni kwa karibu sentimita 87. Kwenye ukingo wa machimbo, hizo sentimita 87 ni uhai wa mtu.

Kwa hiyo hesabu hii inahitaji alama ya uhakika kila baada ya umbali mfupi ili ijisahihishe. Na hapa ndipo nilipotaka tufike tangu mwanzo. Kwa sehemu za kupakia saruji, chini ya silo (mnara wa kuhifadhia saruji) na kwenye njia za gatini, alama ninayoiamini ni ile iliyozikwa ardhini: sumaku ndogo au transponda.

Sumaku ni kipande cha mduara, unatoboa zege, unakiingiza, unaziba kwa gundi. Haihitaji umeme, kwa hiyo TANESCO wakikata, sumaku iko palepale. Transponda ni kifaa kidogo chenye namba yake, nacho hakina betri. Antena iliyo chini ya gari ikipita juu yake inaipa nguvu, nayo inajibu kwa namba yake, na gari linajua liko juu ya alama gani hasa. Funika kwa saruji, mwaga maji, mwaga oili, inasomeka. Kati ya alama na alama, enkoda na jairo vinashikilia.

Bandari ya Rotterdam, Uholanzi, ndiyo ilianza magari ya makontena yasiyo na dereva, mwaka 1993. Kituo cha Altenwerder, Hamburg, kilichofunguliwa 2002, magari yake yanasoma transponda zilizozikwa ardhini. Wajerumani wangeweza kununua chochote, nao wakatoboa sakafu.

Techie_Raskazone

Napingana kidogo mkuu. Siku hizi kuna ramani ya leza: gari linazunguka mara moja, linachora kuta na nguzo, halafu linajitambua humo bila kioo wala sumaku. Hakuna kutoboa. Kubadilisha njia ni dakika chache kwenye kompyuta. Hizo sumaku ni mambo ya zamani.

Fundi_Chumbageni

Naiheshimu hoja yako, na kwa ghala la vinywaji au la dawa ningekuunga mkono. Ramani ya namna hiyo inahitaji vitu vinavyokaa palepale. Yadi ya makontena asubuhi ina ukuta wa bati kushoto, jioni ukuta umepakiwa kwenye lori umeondoka. Lundo la klinka (saruji iliyochomwa, kabla ya kusagwa) leo ni mlima, kesho ni uwanja. Gari linalojitambua kwa lundo litapotea lundo likihama. Na bado inatumia leza, tunarudi kwa alichosema Mama_Mizani.

Kuhusu kubadilisha njia, sumaku na transponda zikipangwa kwa gridi uwanja mzima, njia inabadilishwa kwenye programu vilevile. Gharama ni ya kutoboa mara ya kwanza. Mimi ni mtu wa matengenezo, napenda kitu ambacho saa 8 usiku kinafanya kazi bila kuniita.

Sisemi waache leza kabisa. Nasema isiwe jicho pekee.

Mwanafunzi_Kange

Samahani wakubwa zangu, shikamooni. Nasoma ufundi umeme. Kama gari lina sumaku, rada, GPS na enkoda, na kila kimoja kinasema jambo tofauti, linamsikiliza nani?

Fundi_Chumbageni

Marahaba mdogo wangu. Linawasikiliza wote, kila mmoja kwa kadiri anavyoaminika wakati huo. Hesabu hiyo ilichapishwa na Rudolf Kálmán mwaka 1960, na ndiyo iliyotumika kuelekeza vyombo vya Apollo kwenda mwezini. Gari linakisia liko wapi na kisio lake lina shaka ya kiasi gani. Kipimo kipya kikija nacho kina shaka yake. Chenye shaka ndogo kinavuta jibu upande wake zaidi. GPS ikiingia chini ya winchi, shaka yake inapandishwa, sauti yake inapungua. Ukipita juu ya transponda, shaka inashuka ghafla. Shaka ya jumla ikizidi kipimo kilichowekwa, gari lisimame. Soma hesabu ya matriki na takwimu kwa bidii, vijana wa Tanga tunawahitaji hapo. Mashine zikija na hakuna wa kwetu anayeelewa hesabu hii, kila hitilafu tutasubiri mtu apande ndege.

Kuli_Mstaafu

Vijana, nimekaa bandarini tangu enzi za matishari. Mnazungumza gari, mimi nauliza mtu. Asubuhi wafanyakazi wanaingia kwa baiskeli, huu ni mji wa baiskeli. Mama anapita na chakula. Fundi kainama chini ya mkanda wa kubebea mzigo. Hizo sumaku zinamuona mtu?

Fundi_Chumbageni

Shikamoo mzee wangu. Hapana, hazimuoni. Kinachoonyesha njia na kinachomlinda mtu ni mifumo miwili, na anayeichanganya ataua. Ulinzi unatokana na skana maalumu za usalama, bampa za kugusa, breki zinazojifunga zenyewe umeme ukikosekana, na maeneo ambayo mtu haruhusiwi kuingia. Kiwango cha kimataifa cha magari ya viwandani yasiyo na dereva ni ISO 3691-4, kilitoka 2020, na kwa mitambo ya machimbo kuna ISO 17757. Wanunuzi wadai kwa maandishi hati kwamba mashine inatimiza viwango hivyo.

Skana ya usalama nayo inatumia leza, kwa hiyo vumbi likiwa zito itasimamisha gari. Hapo ndipo kishawishi kinapoingia: bosi anataka tani, mtu anaambiwa abaipasi skana, yaani aizime au airuke. Asikubali. Dawa ni kupunguza vumbi lenyewe, kufunika mkanda, kurekebisha vifyonza vumbi, kuzoa saruji iliyomwagika. Kiwanda kisichoweza kudhibiti vumbi lake hakijawa tayari kwa gari lisilo na dereva.

Na baiskeli na mashine hizi visitumie njia moja. Huko Hamburg magari yanatembea ndani ya eneo lililofungwa. Hapa kwetu njia ya watu ijengwe kwanza, mashine ije baadaye.

Kuli_Mstaafu

Marahaba. Hilo la njia ya watu kwanza nimelipenda. Na ajira?

Fundi_Chumbageni

Mzee, madereva watapungua kwenye njia hizo, sitakuficha. Wanaofahamu eneo ndio wanaofaa kusimamia mashine, kwa sababu wanajua pale panapoteleza na pale lori linapotimua vumbi. Madai yawe hayo: mafunzo kwa madereva waliopo yaandikwe kwenye mkataba wa ununuzi, kabla ya kusaini.

Mama_Mizani

Swali la mwisho kutoka kwangu. Wakuu wetu wakiamua kutoboa sakafu kwa ajili ya sumaku, na zege letu ni la zamani lenye nondo nyingi, kuna tahadhari gani?

Fundi_Chumbageni

Mama, kabla ya tundu la kwanza pitisheni kifaa cha kutafuta nondo sakafu nzima, mchore zilipo kwa chaki. Msitoboe juu ya nondo wala kwenye maungio ya zege, maana pale zege linacheza na sumaku italegea. Halafu kwa kipimo cha sumaku pitieni njia yote sakafu ikiwa bado tupu, mrekodi usumaku uliopo tayari, kwa sababu nondo nyingine zina sumaku yake na gari litazisoma. Sehemu zenye fujo kubwa, wekeni transponda, hizo zinajitambulisha kwa namba, ila nazo zikae mbali kidogo na chuma. Baada ya kuziba kwa gundi, sehemu ya juu ilingane na sakafu, foklifti za kawaida zisije kuing'oa. Pimeni kila alama ilipo kwa kifaa cha upimaji ardhi na namba zake zihifadhiwe kiwandani kwenu, zisibaki kwenye kompyuta ya muuzaji peke yake.

Ramani ya nondo ikishapatikana, itume hapa tuiangalie pamoja.